Socrates, Mzee wa Athene Aliyekataa Kutoroka

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu wetu. Katika parokia nyingi jamaa hupalilia makaburi, huwasha mishumaa, na hutoa nia za Misa kwa ajili ya wazazi waliotangulia. Ni desturi njema, nasi twaipenda. Lakini mtu akitega sikio njiani, watu warudipo makaburini, atasikia na mambo mengine: fulani amempa karani kitu kidogo ili hati ya kiwanja itoke upesi, fulani amemnunulia mwanawe majibu ya mtihani, fulani amesogeza mpaka wa shamba la mjane, na arobaini ya marehemu haijapita. Na Jumapili iliyotangulia wote hao walisimama kanisani, wakakiri katika Nasadiki kwamba wafu watafufuka. Sisi tuandikao ukurasa huu hatujitoi katika hesabu hiyo.

Ndiyo sababu tumeona vema juma hili kusimulia maisha ya mtu ambaye Nasadiki hakuijua. Hakuwa Mkristu, kwani aliuawa mwaka 399 kabla ya Kristu. Hakuwa Myahudi, Torati na Manabii hawakumfikia. Alikuwa mpagani wa Athene katika nchi ya Ugiriki, mwenye kutoa sadaka kwa miungu ya mji wake kama jirani zake. Juu ya maisha baada ya kufa alikuwa na tumaini, lakini hakuwa na ahadi. Hata hivyo hakukubali kutenda dhuluma, wala kwa hofu, wala kwa faida, wala kwa kuokoa uhai wake. Jina lake Socrates. Wako wasomaji waliojifunza habari zake seminarini au chuoni, na wako wasiopata kulisikia jina hilo. Twawaomba wale wa kwanza watuvumilie.

Alizaliwa yapata mwaka 470 K.K. Baba yake, Sophroniscus, alikuwa mchonga mawe, na mama yake, Phaenarete, alikuwa mkunga. Kazi ya mama yake aliitaja kwa furaha hata uzeeni, akisema kwamba yeye naye ni mkunga, ila wale awasaidiao hujifungua mawazo badala ya watoto. Sura hakujaliwa: pua yake ilikuwa bapa, macho yamemtoka, na Wagiriki, watu waliotukuza mno uzuri wa mwili, walimcheka waziwazi. Alitembea peku, na vazi lake lilikuwa moja kwa baridi na kwa joto.

Hakuandika hata mstari mmoja. Yote tuyajuayo twayapata kwa wengine: kwa Plato, mwanafunzi wake, aliyekuwa kijana wa miaka 28 hivi mwalimu wake alipouawa; kwa Xenophon, aliyekuwa askari; na kwa Aristophanes, mtunga michezo, ambaye mwaka 423 K.K. alimfanyia mzaha jukwaani mbele ya mji mzima. Wataalamu hata leo wabishana ni maneno yapi yaliyokuwa ya Socrates mwenyewe, na yapi ni ya Plato, aliyoyatia kinywani mwa mwalimu wake. Msomaji alikumbuke jambo hilo tutakapofika siku ya mwisho gerezani. Lakini matendo yake makubwa yalitendeka hadharani, mbele ya watu waliokuwa tayari kumsuta kama ingalikuwa uongo.

Athene ya siku zile ilikuwa mji wa maneno. Kesi ziliamuliwa na raia wenyewe, na mambo ya vita na amani vilevile. Basi aliyejua kusema alitawala. Wakatokea walimu wa kuzungukazunguka, walioitwa wasofisti, wakawafundisha vijana wa matajiri ufundi wa kushinda kwa maneno, na ada yao ilikuwa kubwa. Socrates hakutoza senti. Alikwenda sokoni na viwanjani mwa michezo, akamshika mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, akamwuliza: ushujaa ni kitu gani? Haki ni nini? Uchaji ni nini? Mtu yule alijibu upesi, kwa kuwa nani asiyejua haki ni nini? Akaulizwa swali la pili, na la tatu, na baada ya kitambo alijikuta amelipinga jibu lake mwenyewe, na vijana waliosimama kando wakicheka.

Mwenyewe alieleza kwamba kazi hiyo ilianzia Delphi, penye hekalu la Apollo, ambako Wagiriki walikwenda kuuliza mashauri. Rafiki yake Chaerephon alikwenda kuuliza kama yuko mtu mwenye hekima kumpita Socrates, akajibiwa kwamba hayuko. Socrates aliposikia alishangaa, maana alijijua hana hekima. Akawaendea wakubwa wa siasa, akaona wajidhania kuwa na hekima nao hawanayo. Akawaendea watunga mashairi, akaona watunga mazuri wasiyoweza kuyaeleza. Akawaendea mafundi wa mikono, akaona hao kweli waijua kazi yao, lakini kwa kuijua hiyo moja wajidhania kuyajua na yote mengine. Ndipo akafahamu kwamba labda amewapita wote kwa jambo moja dogo tu: asilolijua, hajidai kulijua.

Kwa mtu wa namna hiyo fadhila haikuwa pambo. Alifundisha kwamba nafsi ya mtu yazidi mwili wake kwa thamani, na mali yake pia, wala hakuna awezaye kuiharibu isipokuwa mwenyewe kwa kutenda maovu. Kwa hiyo, adhulumuye hupata hasara kubwa kuliko adhulumiwaye. Mwizi humpunguzia mwenziwe ng'ombe. Nafsi yake mwenyewe huiharibu. Neno hilo ni jepesi kulisema. Socrates alitakiwa kulilipia mara tatu.

Hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa na mke, Xanthippe, na wana watatu, na wawili kati yao walikuwa bado wadogo baba yao akiwa mzee wa miaka 70. Nyumba yao ilikuwa maskini, na umaskini huo aliuchagua yeye, si mke wala watoto. Watu wa zamani walimsimulia Xanthippe kuwa mwanamke mkali wa ulimi, na hadithi hizo zasemwa hata leo kwa kicheko. Sisi twadhani yafaa kuuliza kwanza ni nani aliyetafuta chakula cha watoto siku zote ambazo bwana alikuwa sokoni akiuliza maana ya haki. Kadhalika, katika vijana waliomfuata walikuwamo Alcibiades, aliyeuhaini mji wake, na Critias, aliyeumwagia damu. Mwalimu halaumiwi kwa kila mwanafunzi aliyepotoka, lakini baba na mama wa Athene waliokuwa na hofu naye hawakuwa wote wajinga.

Katika vita alipigana kama raia wengine, huko Potidaea, Delium na Amphipolis. Potidaea alisimama peku juu ya barafu pale wenziwe walipojifunga ngozi miguuni, akamwokoa Alcibiades aliyekuwa amejeruhiwa. Zaidi ya hayo twaona ushujaa wake wa kweli ulikuwa mahali pengine.

Mwaka 406 K.K. merikebu za Athene zilishinda vita baharini karibu na visiwa vya Arginusae. Lakini dhoruba ilivuma, na mabaharia wengi waliokuwa wakielea penye mabaki ya vyombo hawakuokolewa. Habari zilipofika mjini furaha ikageuka hasira. Majemadari wakashtakiwa, na watu wakataka wahukumiwe wote pamoja kwa kura moja, hali sheria ilimpa kila mtu haki ya kuhukumiwa peke yake. Ikatokea kwamba zamu ya kusimamia mkutano ilikuwa ya kundi la Baraza alimokuwamo Socrates. Naye maishani mwake hakupata kushika daraka jingine la serikali. Umati ukapiga kelele. Wasemaji wakatishia kwamba wasimamizi wakaidi watashtakiwa pamoja na majemadari. Wenziwe wakaogopa, wakakubali. Socrates akakataa kabisa. Hakuweza kuwaokoa, kura ilipigwa, na majemadari sita waliokuwapo wakauawa. Baada ya muda mfupi watu wa Athene walijuta, wakawageukia wale waliowachochea. Majuto hayakumfufua hata mmoja.

Miaka miwili baadaye, Athene iliposhindwa na Sparta, mji ulishikwa na watu thelathini, na kiongozi wao mkali alikuwa yule Critias. Hao waliua raia wengi na kuzichukua mali zao. Tena walikuwa na hila: walipenda kuwatuma watu wengine kazi hizo chafu, ili wengi washirikiane katika hatia, pasiwe na wa kumnyoshea mwenziwe kidole. Msomaji aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo kila mmoja hupewa fungu lake la rushwa ili wote wanyamaze ataifahamu hila hiyo pasipo mwalimu. Basi wakamwita Socrates na wengine wanne, wakawaamuru wavuke kwenda Salamis wakamlete mtu mmoja, Leon, apate kuuawa. Watu wanne walikwenda, wakamleta Leon, naye akauawa. Socrates alitoka nje ya jumba lile, akaenda nyumbani kwake. Hakutoa hotuba. Alikwenda nyumbani tu, na kama utawala wa wale thelathini usingalianguka mwaka 403 K.K., huenda angaliuawa kwa sababu ya hatua zile chache za miguu.

Hapo twaona kitu cha kuangalia. Mara ya kwanza aliyemtaka atende ubaya alikuwa umma wenye hasira; mara ya pili alikuwa mtawala dhalimu. Mtu aliyeupinga umma kwa ajili ya kumpendeza mkubwa, au aliyempinga mkubwa kwa ajili ya kushangiliwa na umma, twawajua wengi. Socrates hakuwa na upande wa kumshangilia.

Mwaka 399 K.K. ikawa zamu yake kushtakiwa. Washtaki walikuwa watatu, Meletus, Anytus na Lycon, na mashtaka ni haya: haikiri miungu inayokiriwa na mji, aleta mambo mapya ya kimungu, na awaharibu vijana. Hilo la mambo mapya lilitokana na neno ambalo hakulificha, kwamba tangu utoto ipo sauti ndani yake imzuiayo anapotaka kutenda jambo lisilofaa. Haikumsukuma kamwe kutenda, ilimzuia tu. Wakristu wengine wamependa kuiita dhamiri. Twaona ni afadhali tusiharakishe kuipa jina letu, lakini si vigumu kuona undugu wake.

Waamuzi walikuwa raia 500 hivi. Desturi ilikuwa mshtakiwa awalete watoto wake wakilia, na rafiki zake waombe huruma. Socrates alikuwa na watoto, mmoja kijana na wawili wadogo, asiwalete. Aliona kwamba mwamuzi ameapa kuhukumu kwa sheria, na kumbembeleza kwa machozi ni kumfundisha kuvunja kiapo. Akawaambia kwamba wakimwachilia kwa sharti la kunyamaza hatanyamaza, kwa sababu kazi hiyo amepewa na Mungu, na Mungu hutiiwa kuliko wao. Wakamtia hatiani. Kama kura 30 tu zingalihamia upande wa pili, angaliachiliwa.

Kwa sheria ya Athene aliyetiwa hatiani katika kesi ya namna hii aliweza kutaja adhabu ambayo yeye aiona yamstahili. Kama angalitaja kuhamishwa nchi, yamkini wangalikubali. Yeye akasema kwamba kwa haki astahili kulishwa kwa gharama ya mji, kama walivyolishwa washindi wa michezo ya Olympia! Kisha akataja faini ndogo, na rafiki zake, Plato akiwa mmoja wao, wakajitoa wadhamini hata ikafika mina thelathini. Waamuzi wakaona wamedharauliwa, wakamhukumu kufa. Wako wamlaumuo kwa kiburi siku ile. Twakiri kwamba hata sisi twaona alisema kama mtu asiyejali tena kushinda.

Lakini kabla hawajamchukua aliwaambia neno juu ya kifo, nalo ndilo kiini cha habari yetu. Alisema kwamba kukiogopa kifo ni kujidai kujua usilolijua, maana hakuna ajuaye kama si jambo jema. Kifo, kwa maoni yake, ni mojawapo ya mambo mawili. Ama ni kama usingizi mzito usio na ndoto. Au ni safari ya kwenda mahali pengine waliko wafu wote, penye waamuzi wa haki kuliko hawa, na mashujaa wa kale, na watu waliouawa kwa hukumu ya dhuluma kama yeye. Likiwa la pili, alitumaini kuendelea huko na maswali yake, na huko hawamwui mtu kwa kuuliza. Hakuwaambia lipi kati ya hayo mawili ni la hakika. Alilolishika kwa hakika ni kwamba mtu mwema hawezi kupatwa na ubaya wa kweli, wala akiwa hai wala akiisha kufa, na kwamba Mungu haachi kuyaangalia mambo yake.

Wasomaji wapenzi, na tupime mpangilio wa mambo hayo. Sisi tumezoea kuwafundisha watoto kwamba mtu hutenda mema kwa kuwa iko mbingu na iko jehanamu. Ni kweli, na Katekisimu haikukosea. Lakini mtu huyu alikuwa amekwisha kutenda mema, katika habari ya majemadari na katika habari ya Leon, hali mlango wa kaburi kwake ulikuwa nusu giza. Haki kwake haikuwa mkopo utakaolipwa na riba ahera. Aliishi kwanza kama mtu ambaye nafsi yake ni ya thamani, na tumaini la kwamba nafsi hiyo haifi likaota juu ya maisha hayo. Sisi tumepewa hakika aliyoikosa, kisha twaitumia mara nyingi kama mtu mwenye akiba benki, asiyeona haja ya kulima mwaka huu.

Hakuuawa siku ile. Mji ulikuwa umepeleka merikebu takatifu kisiwani Delos, na mpaka irudi hakuna aliyeruhusiwa kuuawa. Alikaa gerezani siku thelathini, amefungwa minyororo, rafiki zake wakimjia kila siku. Karibu na mwisho, Crito, rafiki yake wa umri mmoja na mtu wa mali, aliingia kabla ya mapambazuko, akamkuta amelala usingizi mtamu. Akaketi akingoja aamke. Mlinzi alikuwa amekwisha kupewa kitu. Wageni walikuwa tayari kutoa fedha, na huko Thessaly walikuwako watu wa kumpokea. Crito akamsihi kwa maneno ambayo kila rafiki angaliyasema: watu watatucheka kwamba tuliipenda fedha kuliko wewe; nawe wawaacha wanao yatima; tena hukumu yenyewe ilikuwa ya dhuluma.

Hoja hizo si ndogo, hasa ile ya watoto. Socrates hakumkemea. Alimwuliza tu kama lile walilokubaliana miaka yote, kwamba haifai kutenda ubaya hata kwa kulipiza ubaya, lilikuwa kweli wakati wa raha na limekuwa uongo leo kwa kuwa kifo ki karibu. Kisha akamwambia afikiri kwamba Sheria za mji zimekuja kusimama mbele yao na kuuliza: sisi ndizo tulizowaozesha wazazi wako, tukakulea, tukakusomesha, miaka 70 mlango ulikuwa wazi uende uishi kwingine, usiende, leo, kwa kuwa watu wamekukosea, wataka kutuvunja sisi? Crito akakosa neno.

Aliyesoma kwa makini ataona kwamba hapana kigeugeu. Wale thelathini walipomwamuru atende dhuluma, hakutii. Mji ulipomhukumu adhulumiwe, hakukimbia. Mpaka kati ya mambo hayo mawili aliuona wazi hata katika giza la alfajiri ile, na mlinzi aliyehongwa akingoja mlangoni. Na kama kuna msomaji aulizaye kama kuinywa sumu kwa mkono wake si kujiua, tumjibu kwamba ndiyo iliyokuwa namna ya kutimiza hukumu kwa sheria ile. Tena Plato asimulia kwamba siku ile ile Socrates alifundisha kwamba mtu hana ruhusa kujiua, kwa kuwa sisi tu mali ya Mungu, wala ng'ombe hajichinji pasipo ruhusa ya mwenye zizi.

Siku ya mwisho minyororo ilifunguliwa asubuhi. Xanthippe alikuwapo, amempakata mtoto mdogo. Alipoanza kulia kwa sauti Socrates aliomba apelekwe nyumbani. Hapo, twasema wazi, hatumwelewi. Mchana kutwa aliwapa rafiki, na mwanamke yule aliyezaa naye wana watatu aliruhusiwa kurudi jioni tu, pamoja na watoto na wanawake wa jamaa, kwa kuagana.

Mazungumzo ya siku ile, kama Plato alivyoyaandika katika kitabu kiitwacho Phaedo, yalihusu kama nafsi yafa. Plato mwenyewe alikuwa mgonjwa siku ile, hakuwapo. Vijana wawili kutoka Thebes, Simmias na Cebes, walimpinga. Simmias aliuliza kama nafsi si kama sauti ya kinubi: kinubi kikivunjika, sauti iko wapi? Cebes alisema kwamba mfumaji huvaa na kuchakaza nguo nyingi, lakini nguo ya mwisho yabaki naye amekufa. Je, nafsi haiwezi kuchakaza miili mingi na mwisho ikafa nayo? Waliohudhuria walitishika, wakiona tumaini lote limebomoka saa chache kabla ya sumu. Socrates aliwasikiliza kwa furaha. Aliwaonya wasiichukie hoja kwa sababu hoja imewaangusha, kama vile mtu aliyedanganywa na rafiki mmoja awachukiavyo watu wote. Akaanza upya kutafuta. Hoja zake hazikubaliwi zote na wenye elimu, wala na walimu wa Kanisa. Sisi latugusa zaidi jambo la kwamba mtu anayekufa jioni aliruhusu shaka iseme mbele yake asubuhi, pasipo kumnyamazisha kijana.

Yako na maelezo ya hukumu ya wafu, ambayo Plato ayaweka kinywani mwake katika kitabu kingine, Gorgias. Hapo kwanza, yasema hadithi, watu walihukumiwa siku ya mwisho ya uhai wao, wamevaa mavazi yao, na ndugu na mashahidi wakiwazunguka; wenye nafsi chafu walipita kwa uzuri wa sura na ukoo. Ndipo ikaamriwa wahukumiwe wakiisha kufa, uchi, na mwamuzi naye awe uchi. Nafsi ya mfalme yasimama pale pasipo taji, na kila kiapo cha uongo kimeacha kovu lake juu yake, kama fimbo mgongoni mwa mtumwa.

Jioni alikwenda kuoga, ili wanawake wasipate taabu ya kuiosha maiti yake. Crito akamwuliza wamzike namna gani. Akacheka, akawaambia wenzake kwamba Crito hajasadiki bado. Adhani Socrates ni ile maiti atakayoiona baadaye. Mlinzi wa gereza alikuja kuaga, akageuka akilia. Crito akasema jua bado liko milimani, wengine hula na kunywa kwanza. Yeye akaona ni aibu kung'ang'ania tone lililobaki. Kikombe kikaletwa, akawaomba miungu safari iwe ya heri, akanywa. Rafiki zake wakalia, Apollodorus kwa sauti kuu, naye akawanyamazisha. Akatembea hata miguu ikawa mizito, akalala chali. Ubaridi ulipokuwa umepanda hata tumboni, alijifunua uso, akamkumbusha Crito kwamba wanadaiwa jogoo wa Asclepius, asisahau kulipa.

Asclepius alikuwa mungu wa uponyaji, na waliopona ugonjwa walimtolea jogoo. Wengi wameeleza kwamba Socrates alikiona kifo kuwa ndio kupona. Huenda ni hivyo. Sisi twapenda zaidi maana iliyo chini, ya deni lenyewe. Katika mazishi yetu msemaji wa jamaa husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Socrates alijitangazia mwenyewe. Crito aliitikia, akamfumba mdomo na macho.

Miaka 450 hivi baadaye mtu mwingine alisimama Athene. Mtakatifu Paulo naye alizungumza na watu sokoni kila siku. Naye alidhaniwa kuleta miungu migeni. Naye alipelekwa Areopago. Walimsikiliza mpaka alipotaja ufufuko wa wafu, ndipo wengine wakacheka, na wachache wakasadiki.

Na karibu miaka mia baada ya Paulo, Mtakatifu Yustino, mwanafalsafa aliyebatizwa, aliwaandikia wakubwa wa Roma kwamba wale wa kale walioishi kwa kuifuata akili waliyopewa na Mungu, na Socrates akiwa mmoja wao, walikuwa upande wa Kristu kabla ya kumjua. Lakini aliongeza neno jingine, ambalo wasifuo Socrates hulipita haraka: kwamba hakuna mtu aliyemwamini Socrates hata akakubali kufa kwa ajili ya mafundisho yake, bali kwa ajili ya Kristu wamekufa hata mafundi na watu wasiojua kusoma. Yustino mwenyewe alikatwa kichwa Roma yapata mwaka 165, pamoja na wenzake sita. Mmoja wao alikuwa Euelpistus, mtumwa wa nyumba ya Kaisari.